Rangi Kwenye Ukuta wa Bi Kijakazi

Kilichomchefua Mwahija binti Akida Ijumaa ile, kabla hata hajakijua kile cha kumchefua zaidi, kilikuwa rangi. Mtaa mzima wa Mikunazi ulikuwa unanuka rangi ya mafuta. Nyekundu, nzito, imepakwa kwa brashi pana juu ya kuta za udongo, mistari miwili iliyopishana, na kwa kuwa waliopaka hawakungoja ukuta ukauke maji ya mvua ya jana, ilikuwa imechuruzika mpaka chini. Kuku walikuwa wameikanyaga, wakaenda nayo uwanja mzima.

Shinyanga mwaka ule wa hamsini na nne ilikuwa inanyooshwa. Ndivyo walivyosema wakubwa wenyewe, kwamba mji unanyooshwa. Barabara zilichorwa kwa rula kwenye karatasi, na karatasi haikujua kwamba pale rula ilipopita palikuwa na jiko la mtu, choo cha mtu, na kaburi la mtoto wa mtu. Nyumba zilizopakwa zilikuwa za kubomolewa kabla ya masika. Mwenye mke na bati la kuezekea angepewa kiwanja kipya ng'ambo ya reli. Asiye na hayo, ajijue mwenyewe.

Na msiniulize kwa nini watu hawakukataa. Waliulizwa. Miezi miwili nyuma karani wa mji, Thobias, mwanamume wa shingo nene na leso ya kujifutia jasho isiyokauka, alipanda juu ya kreti pale sokoni, akasoma tangazo, kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Sasa watu wa Mikunazi ni watu wa adabu zao. Mdogo hasemi kabla ya mkubwa. Vijana wakawatazama wazee, wazee wakamtazama Mzee Akida, baba yake Mwahija, mkubwa wa mtaa na mwenye duka la samli na mchele, ili aanze yeye. Mzee Akida alikuwa anavuta tasbihi, macho chini. Karani akangoja kidogo, kidogo sana, akasema, "Wamenyamaza, basi wamekubali." Akaandika, akashuka kwenye kreti, akaenda zake kula.

Mwahija hakuwa na habari na hayo siku ile. Alikuwa na mapenzi, na mwenye mapenzi hasikilizi matangazo. Ijumaa hii ndiyo ilikuwa siku ya jibu. Baba yake angetoa jibu la posa ya Majaliwa jioni, na habari zote zilionyesha kwamba mara hii angekubali. Alikuwa anakwenda kwa Bi Kijakazi kusukwa, amejifunga kanga mpya, moyo unamwenda mbio.

Alipokata kona akauona ukuta wa Bi Kijakazi. Akasimama.

Alama ilikuwa pale pale kando ya mlango, bado mbichi. Na huyo Bi Kijakazi si bibi yake wa damu. Mama yake Mwahija alifariki mtoto akiwa na miezi minne, na huyu jirani, aliyekuwa amezika mtoto wake mchanga wiki ile ile, ndiye aliyemtoa kwenye mikono ya shangazi zake waliokuwa hawajui la kufanya, akamweka kifuani akamnyonyesha. Alimnyonyesha ndani ya nyumba hii. Mumewe, fundi wa reli, ndiye aliyeijenga kwa mikono yake, na ndani yake ndimo alimokufa.

"Bibi, shikamoo. Nani kapaka hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Watu wa mji." Bi Kijakazi alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani ya ua, chanuo mkononi, anamngoja. Hakuinua macho.

"Watu wa mji gani? Hawana majina?"

"Watu wana majina, mimi nina uzee. Kaa hapa nikusuke. Leo siku yako, usinitie mkosi na maneno ya ukuta."

"Lakini bibi, watabomoa."

"Wakibomoa, watabomoa. Inamisha kichwa."

Mwahija akakaa, akauweka kichwa kwenye paja la bibi kama alivyofanya tangu akiwa mtoto wa kukaa. Chanuo likaanza kazi. Harufu ya rangi ilikuwa imeingia mpaka uani, imechanganyika na harufu ya unga wa vitumbua, na koo likawa linamkereketa. Aliona kinyaa kikimpanda polepole, akakishusha kwa kumfikiria Majaliwa.

Majaliwa alikuwa mtu wa ngozi. Mama yake Msukuma wa Songwa, baba yake Mmanyema aliyefika na biashara ya chumvi. Alifanya kazi kwenye banda la ngozi kando ya reli, mahali wanapozileta ngozi mbichi za ng'ombe na mbuzi kutoka minada yote, wakaziwamba kwenye fremu za miti zikauke kivulini, kisha zikapangwa madaraja zipelekwe Mwanza. Yeye ndiye aliyezipanga madaraja. Mwahija alimwona mara ya kwanza siku ya pili ya Idi, alipotumwa kupeleka ngozi ya mbuzi wao. Majaliwa aliipokea, akapitisha kiganja upande wa ndani taratibu, macho ameyafumba.

"Aliyechuna alikuwa na haraka," akasema. "Kisu kimegusa mara tatu. Hapa, hapa na hapa. Daraja la tatu."

"Jirani yetu alisema la kwanza."

"Jirani yenu anakupenda. Mimi sijakupenda bado, nakwambia kweli."

Lile neno "bado" Mwahija alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Tangu siku ile akawa na sababu nyingi za kupita njia ya reli. Naye mtu wa ngozi hunuka, hilo halifichiki. Hunuka akioga, hunuka akibadilisha nguo, hunuka hata Idi. Watu walimpisha njiani wameziba pua. Mwahija mwanzoni alipumua kwa kinywa, baadaye akazoea, baadaye ikawa akirudi nyumbani huinusa ncha ya kanga yake kwa siri, kama imebaki. Mapenzi ni kichaa, mimi nasimulia tu.

Posa ya kwanza ilirudishwa. Mzee Akida aliishika barua kwa ncha za vidole viwili, pua ameiziba kwa mkono wa kanzu, akamwambia mshenga, "Binti yangu haendi kuishi kwenye banda la ngozi." Mwahija alilia siku tatu. Ndipo mwezi uliopita Majaliwa akapata kazi ya mji. Kazi ya viwanja, alisema kwa kifupi, ameacha ngozi kabisa. Posa ikapelekwa upya, na Mzee Akida akaipokea kwa mikono miwili. Mwahija alidhani Mungu amemjibu.

Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha kusukwa waliposikia hodi mlango wa uani.

Majaliwa aliingia akainama kidogo, maana mlango ulikuwa mfupi na yeye mrefu. Shati jeupe limepigwa pasi, kaptura ya kaki, viatu vya ngozi vimeng'aa. Alinukia sabuni na marashi mengi. Mwahija alimtazama akaona uzuri wake wote, ule wa mabega na ule wa macho yasiyokimbia. Ila leo yalikuwa yanakimbia. Yaligusa ukuta, yakagusa mtungi, yakatua chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu mkeka." Bi Kijakazi akasogea kumpa nafasi. Ukarimu ulikuwa kwenye damu yake, haukuwa na breki. "Haya, yale mafuta ya taa yaliitoa rangi mikononi?"

Kisha akanyamaza. Alikuwa ameapa moyoni kutwa nzima kwamba mtoto asijue, asiharibikiwe na siku yake. Lakini mgeni akiingia huulizwa hali, na ulimi wake ulikuwa umeuliza hali za wageni kwa miaka sitini. Akaliweka chanuo chini.

Mwahija akainua kichwa kutoka pajani, upande mmoja wa nywele umesukwa na mwingine umesimama. Akaushika mkono wa Majaliwa, akaugeuza kwenye mwanga. Chini ya kucha kulikuwa na wekundu.

"Wewe," akasema.

"Mwahija, nisikilize."

"Ni wewe uliyepaka ukuta huu."

"Ndiyo kazi yenyewe. Nimepaka nyumba thelathini na moja tangu Jumatano. Sikuzichagua mimi. Napewa orodha, nafuata orodha."

"Uliniambia kazi ya viwanja."

"Ni kazi ya viwanja. Hakuna kiwanja pasipo kusafishwa kwanza."

"Kusafishwa," Mwahija akasema. Akaliacha lile neno kinywani kwanza, maana lilikuwa na ladha mbaya. "Bibi, huyu alikuja saa ngapi?"

"Asubuhi, mwanangu. Yaache."

"Ulimpa nini?"

"Maji tu, na mafuta ya taa ya kunawia. Jua lilikuwa kali, alikuwa na kiu. Akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, kama alivyofundishwa na mama yake. Kijana ana adabu."

"Alikunywa kwanza au alipaka kwanza?"

 Mbuzi wa jirani alilia upande wa pili wa ukuta, akanyamaza.

"Nimeuliza."

"Nilikunywa kwanza," Majaliwa akasema.

Mwahija akauachia ule mkono kama mtu anavyoachia kitu alichodhani ni kijiti kumbe kina miguu. Mate yalimjaa mdomoni. Akageuka, akayatema mchangani, karibu na viatu vile vilivyong'aa.

"Mwahija," Bi Kijakazi akasema kwa ukali. "Mgeni hatemewi mate nyumbani kwangu."

"Nyumba ipi, bibi? Keshaipaka."

"Mpaka ianguke ni yangu. Omba radhi."

"Sikutaka kuja hapa asubuhi," Majaliwa akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilitaka hii iwe ya mwisho, labda mambo yangebadilika. Niliambiwa nianze na hii mtaa huu."

"Nani alikwambia? Thobias?"

Majaliwa akafuta jasho. Shati jeupe lilikuwa limeanza kulowa kwapani.

"Nani alikutafutia kazi hii, Majaliwa?"

"Mzee."

"Mzee gani? Mji huu umejaa wazee."

"Baba yako."

Bi Kijakazi akafumba macho. Hilo naye alikuwa halijui.

"Aliniita dukani," Majaliwa akaendelea, na sasa maneno yalitoka yenyewe, kama yamechoka kukaa ndani. "Akaniambia hanichukii mimi, anachukia harufu. Akasema Thobias anatafuta mtu wa brashi, anayejulikana na watu, asije akapigwa mawe. Nikikubali, posa anaipokea. Kisha juzi akasema nikifika Mikunazi nianze kwa Bi Kijakazi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema watu wakiona nyumba iliyomlea mwanawe mwenyewe imepakwa, hakuna atakayefungua mdomo kudai yake imeonewa. Watatulia."

"Na yeye kapata nini?"

"Mwahija, tuyaache."

"Kapata nini?"

"Kiwanja cha kona. Pale patakaposimama mabasi. Cha duka."

 Mwahija alimkumbuka baba yake asubuhi ile akinywa chai, akimwambia kwa upole asisahau kumpelekea Bi Kijakazi sukari, mama wa watu amezeeka. Sukari yenyewe ilikuwa pale mkekani, kwenye karatasi ya duka.  Alijiona amechafuka mwili mzima, kama aliyetumbukia mahali pachafu.

"Nami nikapewa wewe," akasema. "Yaani baba kapata kona, na wewe ukanipata mimi. Bibi hakupata kitu."

"Usilipange hivyo."

"Lipange wewe, ndiwe fundi wa madaraja. Hili daraja la ngapi?"

Hilo lilimwingia. Alisimama, mrefu pale uani, na kwa mara ya kwanza hasira ikamjia naye.

"Wewe ulizipenda ngozi kwa sababu hukuishi nazo," akasema. "Ulikuja, ukacheka, ukarudi kwenu kuoga. Mimi ndiye niliyekuwa nikipishwa njiani kama maiti ya juzi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama nyuma kabisa msikitini, mstari wa peke yangu. Barua yangu ilishikwa kwa vidole viwili, Mwahija, vidole viwili, na mshenga akanisimulia mbele ya watu wakacheka. Niliambiwa nitakupata nikinukia vizuri. Basi nimenukia. Nimefanya haya yote kwa ajili yako."

"Usinitwike."

"Kweli tupu."

"Hata ikiwa kweli, usinitwike. Mimi sikukuomba uoge. Nilikuwa nanusa kanga yangu nikitoka kwako, naiweka chini ya mto. Hukujua hilo, sasa jua. Ungeniambia nikufuate Geita ukachimbe dhahabu, ningekwenda kwa miguu. Ungeniambia nije nilale bandani kati ya zile fremu, ningekuja."

"Anayetorosha binti wa watu huitwa mwizi."

"Na anayekunywa maji ya mama wa watu akaipaka nyumba yake huitwa nani?"

 Machozi yalikuwa machoni mwa Majaliwa, na Mwahija aliyaona. Msidhani hakuyaona. Moyo wake ulitaka kumwendea, nisiwafiche; ulinyanyuka kabisa kumwendea, kisha marashi yale yakamfikia, na moyo ukarudi.

"Naweza kuongea na Thobias," Majaliwa akasema. "Bibi ahamie kwetu. Tutamjengea chumba uani, sakafu ya saruji. Ukishakuwa mke wangu kiwanja kinatoka, bibi anakaa nasi mpaka mwisho wake. Nani angemfanyia zaidi?"

Na hapo ndipo palipokuwa pabaya, maana lilikuwa neno zuri. Lilikuwa neno la kweli, alikuwa anamaanisha. Mwahija alimtazama Bi Kijakazi, akiomba bibi aseme lolote.

"Mimi nisitiwe kwenye mizani yenu," Bi Kijakazi akasema. "Jioni utaulizwa wewe. Mimi sikuulizwa." Akachukua chanuo. "Njoo nimalize kichwa."

"Kiache hivi hivi, bibi."

Akajitanda kanga juu ya ile nusu, akatoka kwa mlango wa mbele. Alipopita ukutani, bega liligusa alama. Kanga mpya ikashika rangi.

Nyumbani kwa Mzee Akida barazani kulikuwa kumejaa. Mshenga, Mzee Maige, alikuwa na kanzu safi na uso wa mtu anayejua jibu. Mashahidi wawili walikuwa wameketi karibu na pazia la chumba cha ndani. Na Thobias naye alikuwapo, mgeni wa heshima, anakula sambusa ya tatu na kujifuta shingo kwa ile leso, kisha kwa leso hiyo hiyo mdomo. Mwahija alimwona kwa upenyo wa pazia, akageuza uso.

Desturi ya watu wale ilikuwa hivi. Msichana hapelekwi mbele za wanaume. Huulizwa ndani na shangazi, mara tatu, mashahidi wako nje ya pazia wanasikiliza. Msichana mwenye haya hajibu. Huinamisha kichwa, akakaa kimya, na kimya chake huhesabiwa ndiyo. Hivyo ndivyo walivyoolewa mama zake wote, na wengine kweli walitaka, na wengine koo ziliwakauka tu.

Shangazi yake, Bi Mwanaima, akaketi naye kitandani, akamshika mikono, akainua sauti ili ifike nje.

"Mwahija binti Akida. Umeridhia kuolewa na Majaliwa?"

Mwahija akatazama sakafu. Ilikuwa rahisi mno. Hakutakiwa kufanya lolote. Angekaa tu, na mwanamume aliyemtaka mwaka mzima angekuwa wake, na nyumba ya bati, na chumba cha bibi uani. Angemfundisha kuacha marashi. Mtu husamehewa. Alimpenda bado, hilo halikuwa limetoka, lilikuwa pale pale limeketi kando ya kinyaa, na vyote viwili vilikuwa vinasukumana kifuani mwake.

"Mwahija binti Akida. Umeridhia?"

Huko nje akasikia tasbihi ya baba yake. Tak, tak, tak. Akaiona ile siku ya sokoni, ambayo hakuihudhuria, kama alikuwapo. Wazee wote wamemgeukia mtu mmoja, na mtu yule anavuta tasbihi.

"Mwahija binti Akida, mara ya tatu. Umeridhia kuolewa na Majaliwa?"

"Sitaki, shangazi."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, si kubwa, si ndogo. Bi Mwanaima akamfinya mkono mpaka kucha zikaingia.

"Hukusema kitu," akamnong'oneza. "Umesikia? Wageni wamejaa. Hukusema kitu."

"Nimesema sitaki."

Bi Mwanaima akageuza uso kwenye pazia. Akasema kwa sauti nzuri, ya furaha, "Kanyamaza."

"Alhamdulillahi," wakasema mashahidi, ingawa mmoja wao, nadhani, alisikia. Mzee Maige akacheka. Thobias akapiga paja lake kwa kiganja chenye mafuta.

"Kanyamaza, basi kakubali," akasema.

Mwahija akasimama. Shangazi akamkamata kanga, kanga ikabaki mikononi mwa shangazi, pamoja na ile rangi yake begani. Akalivuta pazia, akatoka barazani, kichwa wazi, nusu kimesukwa na nusu kimesimama, mbele ya wanaume wote wale. Mkononi mwa Thobias sambusa ikakwama katikati ya njia ya kwenda mdomoni.

"Shikamooni, wazee," akasema. Adabu alifunzwa na Bi Kijakazi, asingeiacha kwa ajili yao.

"Marahaba," wakajibu wote, kwa mazoea, kabla hawajajua la kufanya.

"Sikunyamaza. Niliulizwa mara tatu, nikasema sitaki. Nalisema tena ili Bwana Thobias asije akaandika vinginevyo. Sitaki."

Mzee Maige akaitazama kofia yake. Mashahidi wakatazamana.

"Mwahija, ingia ndani," baba yake akasema. Tasbihi ilikuwa imesimama.

"Niingie wapi, baba? Nyumba iliyonilea umeipaka."

"Nani kakwambia?"

Hakukana. Aliuliza tu nani kamwambia. Mwahija alikuwa amebakiza tumaini dogo sana kwamba baba yake angekana, hata kwa uongo. Akamtazama yule mzee aliyembeba kwenda kumwonyesha garimoshi la kwanza maishani mwake, mwenye ndevu zilizochanwa na kanzu isiyo na doa, na akaona hawezi tena hata kumshika mkono.

"Sokoni walikungoja useme, baba," akasema. "Kumbe na mimi nilikuwa nakungoja kama wao, ila sikujua."

Akateremka ngazi. Hakuna aliyemzuia, kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze.

Njiani watu walimtazama, msichana wa Mzee Akida anakwenda kichwa wazi mchana kweupe, jua halijatua. Alimpita Majaliwa kwenye kona ya bomba la maji. Alikuwa amesimama na shati lake jeupe, akingoja kuletewa habari na mshenga. Aliiona ile nusu kichwa, akauona uso, akajua bila kuambiwa. Akafungua mdomo.

"Usiseme kitu," Mwahija akamwambia. "Ukisema nitarudi nyuma, na nikirudi nyuma nitakuchukia maisha. Niache nikupende hivi hivi kwa mbali."

Akapita. Hakugeuka, japo shingo yote ilimwuma kwa kutaka kugeuka.

Bi Kijakazi alikuwa pale pale mkekani, kama hakuondoka. Hakuuliza. Alisogeza miguu, Mwahija akaweka kichwa pajani, chanuo likaanza upande uliobaki. Majirani walikuwa wamejaa uani wakijifanya wamekuja kuazima moto, wengine nyumba zao nazo zina alama, wote wanataka kujua. Mmoja alisema kesho labda twende ofisini, mwenye neno aseme neno lake. Mwingine akauliza nani ataanza. Bi Kijakazi, bila kuacha kusuka, akasema ataanza yeye.

Kisha upepo wa jioni ukageuka, kama ugeukavyo kila siku saa zile, ukaleta harufu ya banda la ngozi kutoka kando ya reli, ikaizidi ile ya rangi. Harufu nzito, ya zile ngozi mbichi zilizofika leo, ambazo sasa mtu mwingine alikuwa anazipapasa. Majirani wakalalamika, wakavuta ncha za kanga na mikono ya kanzu, kila mmoja akaziba pua. Bi Kijakazi akahisi paja lake linalowa, akaendelea kusuka.

Mwahija hakuziba.